Mwaka Uliofichwa Kwenye Foku

Mtaa mzima ulimwita Breki, naye alishaacha kununa. Fundi baiskeli wa miaka sitini na mbili, hajawahi kulala nje ya mji ule hata usiku mmoja; jina lilimkaa sawasawa. Juu ya meza yake ilining'inia baiskeli ya mbio za uwanjani, isiyo na breki wala friwili. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, upende usipende.

Baba yake alidai alishinda mbio nayo mwaka wa sitini na moja, Breki alipozaliwa. "Jina letu limetoka hapo," alisema akiwa mahututi. "Ikiwa ukutani, karakana isifungwe." Breki akaapa. Kazi ya ufundi aliyokuwa ameipata melini ikaenda na maji. Miaka thelathini na moja sasa. Breki alimpenda baba yake, ila kile kiapo alikichukia kufa.

Halafu ikaja barua ya makumbusho. Wanaitaka baiskeli, waiweke pamoja na picha ya baba yake, mshindi. Fundi athibitishe tu ilitoka wapi na ina umri gani. Breki aliisoma mara nne. Baiskeli ikitoka ukutani kwa heshima, kiapo kimekwisha! Siku hiyo hiyo akampigia dada yake aliyehamia bandarini: "Tandika vitanda viwili. Nakuja na mama."

Akaishusha. Vikombe vya gololi, pale pedeli zinapopita, vyote viwili vilifunguka kuelekea upande mmoja, si kinyume kama vya Kiingereza, na kikombe cha Kiingereza alichokijaribisha kikapwaya.

"Kumbe wewe Mwitaliano," akaitania.

Nati ya habu, kitovu cha gurudumu, ilikuwa na namba ndogo: 74. Mwaka wa sabini na nne? Lakini magurudumu hubadilishwa, na fundi mzima hababaishwi na gurudumu. Akachomoa foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Rangi yake na ya fremu ilikuwa moja, ya kiwandani, haijaguswa. Kwenye shina lake linaloingia ndani ya fremu, mahali ambapo jua halijawahi kufika, palipigwa mhuri: 1974.

Mama yake alikuwa kwenye kiti chake, penye mlango wa ndani, miguu imevimba juu ya kreti.

"Umeona nini humo?"

"Mama, hii imetengenezwa nina miaka kumi na tatu. Baba alishinda na ipi?"

Mama alikunja kanga yake, akaikunjua.

"Baba yako hakushinda kitu, mwanangu. Aliinunua kwa baharia."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Yeye anakufa, wewe una barua ya meli mkononi. Mimi nibaki na nani? Ndiyo maana nikamwambia akuapishe."

Hasira ilimpanda Breki, akaitupa spana sakafuni. Hakuna kiapo tena. Mlango wa barabarani ulikuwa wazi, hakuna aliyemshika.

"Basi twende kwa dada."

"Nenda wewe. Mimi humu sitoki ila kwa jeneza."

Akaitazama ile miguu, ambayo kila asubuhi yeye ndiye aliyeikanda. Akaokota spana. Akapaka grisi, akarudisha foku, akakaza, akaitundika baiskeli pale pale.

"Kesho utafungua saa ngapi?" mama akauliza.

"Saa mbili, mama. Kama kawaida."