Shemeji Aliziba Njia ya Baiskeli, Leo Anataka Apite Kwangu

Admin, jina langu lifiche, ila hasira yangu iache kama ilivyo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nina mume na watoto watatu, naishi kijiji kimoja kati ya Buigiri na Chamwino. Nalima alizeti, na asubuhi nauza uji na maandazi. Naandika nikiwa na uchungu na pia, sitawaficha, nikiwa na raha kidogo. Ninayemsema ni kaka mkubwa wa mume wangu, tumbo moja.

Zamani kulikuwa na kinjia kinachokata kona ya barabara kuu. Yeyote aliyekwenda Chamwino kwa mguu au baiskeli alipita pale, akaibukia mbele ambako barabara imenyooka na malori yanakuona. Kilipita pembeni mwa kiwanja cha shemeji, na hakuna aliyeomba ruhusa, maana hata baba yao alikikuta. Ukaja uvumi kwamba barabara itapanuliwa, na mwenye uzio wa minyaa atalipwa fidia kwa urefu wa uzio wake. Huku kwetu minyaa ndiyo mpaka, ukishapanda watu wanaheshimu. Basi watu wakapanda kama wamerogwa. Shemeji akapanda mpaka katikati ya kinjia, na palipobaki upenyo akajaza miiba.

Nilimfuata mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia, "Shemeji, mdogo wako anapita hapa kila siku kwenda saiti ya ujenzi Chamwino. Acha hata upenyo wa baiskeli." Alikuwa anakula ugali na mlenda, hakunyanyua uso. "Lami imewekwa ya nini? Apite huko. Au baiskeli yake inaogopa lami?" Waliokuwepo wakacheka, nami nikarudi nyumbani na aibu yangu.

Mume wangu akaanza kupita lami. Asubuhi moja ya mvua lori likamkuta kwenye kona ile ile. Hakufa, lakini mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Fundi ujenzi wa mguu mmoja atapanda jukwaa gani? Shemeji alikuja hospitali na machungwa, akasema tukubali, ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu! Mungu ndiye aliyepanda ile minyaa? Nilipokea machungwa, nikamshukuru kwa heshima zote, na moyoni nikaapa kwamba huyu mtu nitamlipa.

Fidia yenyewe hakuiona. Watu wa barabara walimwambia amepanda ndani ya hifadhi ya barabara, wakang'oa yote mbele ya macho yake. Sasa tumejengewa kweli njia ya waenda kwa miguu na baiskeli mpaka Chamwino, na kituo cha basi chenye paa. Kituo kimeangukia mbele ya shamba nililoachiwa na baba yangu mzazi, jirani kabisa na shemeji. Na yeye je? Kati ya kiwanja chake na njia mpya wamechimba mtaro mpana, wakamkataza kuweka kivuko, kwa kuwa hawataki watu wavuke kwenye kona. Mashine yake ya kusaga imebaki huko ndani. Anayetoka kwake kwenda kituoni azunguke mbali, mpaka kwenye kalavati, ndipo pa kuvukia mtaro. Njia fupi ni moja tu, ukingo wa shamba langu.

Wateja wake walipoanza kupita kwangu na ndoo zao za mahindi, nilipanda minyaa. Nilipanda kwa mikono yangu, nikajaza na miiba. Wateja wakahamia mashine nyingine. Akaja, kofia mkononi. "Shemeji, acha hata upenyo wa mtu mmoja." Nilikuwa nachekecha unga, sikunyanyua uso. "Lami ipo. Au miguu yako inaogopa lami? Mbona unayo miwili." Akavaa kofia yake, akaondoka. Jamani, nilifurahi, na chakula siku hiyo kilikuwa kitamu.

Tatizo ni mume wangu. Aliposikia akaniambia, "Fungua." Nikakataa. Akasema, "Mguu uliokatwa ni wangu. Mimi nimemsamehe kaka yangu. Wewe unamlipizia nani?" Nikamjibu kwamba mguu ni wake, lakini aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani na aliyelisha hii nyumba peke yake ni mimi, na mimi hakuna aliyeniomba msamaha. Hakulitaja tena, nikadhani yamekwisha.

Wiki iliyopita alifunga nguo zake kwenye mfuko, akachukua magongo yake, akahamia kwa kaka yake. Siku hizi anafuatilia mguu wa bandia mjini, kwa hiyo lazima aje kupanda basi. Nikiwa kituoni na uji wangu namwona anavyotokea kule kwenye kalavati. Anatembea, anasimama, anafuta jasho, anatembea tena. Akifika ananisalimia kama mgeni, uji wangu hanywi. Juzi nilishindwa, nikamwambia, "Baba, wewe pita shambani, nitakufungulia wewe." Akanijibu bila hasira yoyote, "Nitapita siku kaka yangu atakapopita." Basi likaja, akapanda, abiria wenzake wakamshikia magongo.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Mnaotaka kuniambia nisamehe, pumzikeni, hilo mume wangu ameshalisema. Mimi nataka kujua nitamrudishaje nyumbani bila yule mtu kukanyaga shamba la baba yangu. Na kama haiwezekani, niambieni wazi tu. Panga nimeshalinoa, kila asubuhi nasimama mbele ya ile minyaa, na mkono unakataa.