Mashetani Saba Hawakutosha

Juzi pale Kipkelion, katika duka la kuuza filamu, mama mmoja mchuma chai aliibwaga flashi yake kwenye kaunta.

"Ile filamu ya kwanza ilinifanya nilale na taa siku tatu. Hii ya pili nimeita wamama wa kanisa waje waogope, wakacheka!"

"Lakini mama, hii iko na mashetani saba," muuzaji akajitetea.

"Hiyo ndiyo shida. Ile ya kwanza ilikuwa na mlango tu. Unafunguka polepole, na hakuna mtu."

Muuzaji akamnong'oneza kwamba ya tatu ina mashetani kumi na wawili. Mama akaziba mdomo kwa leso, mabega yakitetemeka kwa kicheko.

Nikawafikiria viongozi wetu wa muhula wa pili. Wakiishiwa na la kututisha, huongeza idadi ya maadui.