Mtu wa Tano Katika Ripoti

Nilipokuwa nikisomea diploma ya usimamizi wa maji katika chuo kikuu huko Embu, darasani mwetu kulikuwa na mwanafunzi wa miaka hamsini na kitu. Tulimwita Guka, yaani babu, wala hatukumwita hivyo kwa heshima. Alikuwa ameutumikia mradi wa maji wa kwao Kibirichia miaka mingi, akifuata bomba kwa miguu kutoka msituni hadi mashamba ya viazi, akifunga na kufungua valvu. Kamati ya mradi ilimwonya kwamba asiye na karatasi ya chuo hatabaki kazini. Ndipo akaja kuketi nasi.

Mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kumwigiza. Neno haidrolojia alikuwa akilitamka "haindrolonji," nami nikilirudia bwenini hadi wenzangu wanashika mbavu. Mama yangu, kule Muthara, hutamka vivyo hivyo.

Muhula wa mwisho tulitumwa mtoni kupima maji, kila kundi watu watano. Vipimo vyetu vya juu na vya chini ya mto vilikataa kulingana. Sisi wanne tukakaa kwenye nyasi tukilaumu kifaa. Guka akakunja suruali, akaingia majini, akapapasa ukingo kwa nyayo mpaka akakanyaga bomba lililofichwa chini ya matope. Kuna mtu alikuwa akivuta maji kimyakimya kwenda shambani kwake. Ripoti yetu yote ilisimama juu ya bomba hilo.

Mwalimu alikuwa amesema kundi bora litapewa nafasi za mafunzo ya kazini, nazo zilikuwa nne. Mimi ndiye niliyeichapa ripoti.

"Jina langu silioni," Guka aliniambia, karatasi mkononi.

"Wewe uliingia mtoni tu. Hukuandika hata sentensi moja."

"Lakini lile bomba..."

"Bomba si ripoti, Guka."

Aliikunja karatasi vizuri, akanirudishia. Bila alama za kazi hiyo alianguka somo, na hakurudi kulirudia.

Mwaka uliofuata mradi wa Kibirichia ulitangaza nafasi ya msimamizi. Nilijua ni mradi wa kwao Guka. Nikaomba, nikapata. Siku yangu ya kwanza mwenyekiti wa kamati alinipa orodha ya wafanyakazi wasio na vyeti, niisome mbele ya wote. Ilikuwa na jina moja.

Nililisoma. Guka akaja mbele na buti zake za mpira, akaweka funguo mezani.

"Mwari," akaniita, kama wazee wa kwetu wanavyomwita binti, "nipe leo tu nikuonyeshe valvu ya juu. Ile hufungwa kinyume."

"Tuna ramani," nikasema.

Ramani haikuwa na valvu hiyo. Nilikuwa nimeipitia asubuhi.

Alipotoka, mwenyekiti alinimiminia chai. "Utatufaa," akasema. "Huna huruma za bure." Nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi siku nzima.

Kiangazi kilipofika tuliivunja valvu ile kwa kuikaza upande usio wake, na mashamba ya chini yakakaa wiki mbili bila maji. Niliandika katika ripoti kwamba ilikuwa kuukuu.

Guka siku hizi huchimba viazi vya watu kwa kibarua. Tukikutana sokoni hunisalimu yeye kwanza, kwa adabu, na kuniita Madam.