Koko alipokataa sauti ya bwana wake

Leo nilifikiri nimeharibu sauti ya marehemu babu mbele ya mjane wake.

Koko, bibi yangu, ametoka kisiwa cha Idjwi na santuri moja tu, ameifunga ndani ya kitenge. Babu anaimba humo na korali ya parokia. Hakuna nyingine.

Tonton, mjomba wangu, amenunua mashine ya kila kitu: redio, bluetooth, santuri. Mimi ndiye nikaambiwa niiwashe.

Nikashusha sindano. Santuri ikazunguka. Kimya.

“Si weye ulipata diplome?” Tonton akacheka. “Masomo yote ile, na disque inakushinda!”

Kumbe kitufe kilikuwa kwenye bluetooth. Nikakigeuza kwenye santuri.

Korali ikatoka mbio mbio, sauti nyembamba kama za watoto.

Koko akasimama. “Huyu haiko bwana yangu! Munamuharibu!”

Jamani, mungekuwa mimi mungefanya nini? Nilitaka kukimbilia jikoni.

Ndipo nikaona swichi ndogo ya mwendo, kando ya sindano. Ilikuwa kwenye 45, mwendo wa mbio. Nikairudisha 33.

Sauti moja nzito ikaingia nyuma ya zingine.

Koko akakaa polepole.

“Iko yeye,” akasema. “Kila mara alikuwa anachelewa kuanza.”

Wimbo ulipoisha, nikarudisha sindano mwanzo bila kuambiwa.