Simu Kwenye Ungo wa Karanga

Jumapili, tarehe 13 Julai. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi lake jekundu, na baridi haikuondoka hata jua lilipofika utosini. Mama amevaa sweta juu ya sweta.

Leo tumebangua karanga bila simu. Nimeifungia kwenye sanduku la nguo na ufunguo nimeufunga kwenye ncha ya kitenge changu. Naandika sababu hapa, ingawa sijui kama mtu aliyeishia darasa la saba anaweza kuandika jambo kama hili likaeleweka. Nitajitahidi kuwa wa haki, maana hasira ninayo, na nikiwa na hasira makosa yangu ndiyo huwa nayasahau kwanza.

Mdogo wangu anaishi Hispania, mwaka wa sita sasa. Anamtunza bibi mmoja kizee katika mji wa pwani. Analala humo humo, anamwogesha, anampikia, anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kanisani na kurudi. Bibi mwenyewe haongei tangu apate kiharusi. Mwaka wa pili mdogo wangu akaanza kunitumia ujumbe wa sauti wenye kilio tu, bila maneno. Siku moja akaniambia, "Dada, naweza kumaliza wiki nzima sijasikia watu wakiongea ndani ya nyumba. Nasikia friji tu."

Huku kwetu mtu akizidiwa na huzuni hatumhoji. Tunabeba kazi zetu za mikono tunakwenda kukaa kwake, tunabangua karanga au tunachambua mboga, tunaongea mambo yetu. Akitaka kuongea ataongea, asipotaka atasikiliza. Kumfuata Hispania nisingeweza. Basi Jumapili iliyofuata baada ya ibada nikampigia, simu nikaiweka juu ya ungo, katikati yangu na mama na shangazi, nikamwambia, "Usiongee. Kaa na sisi tu." Tukabangua. Shangazi akatusimulia jinsi mbuzi wake walivyoingia kwenye shamba la zabibu la mwenyekiti wa kitongoji, na jinsi alivyowakana mbele ya mwenyekiti kwamba si wake, na mbuzi wakamfuata nyuma mpaka nyumbani. Nikasikia mdogo wangu anacheka peke yake huko aliko.

Tukaendelea hivyo kila Jumapili. Mwanzoni mama alikuwa akimsalimia kwanza. Baadaye simu ikawa kama mtu wa nyumbani aliyelala pale mkekani. Nikaifunika na kitenge isiingie vumbi, tukaizoea. Nikiinuka kwenda mahali nilikuwa naichukua, kwa hiyo mama alijua kwamba kama mimi sipo, simu nayo haipo.

Sasa wiki iliyopita.

Nina kibanda cha chai na chapati karibu na chuo hapa Hombolo. Alikuwapo mwanamke mmoja wa ofisi za serikali kule Mtumba, amekuja kozi ya siku kumi, mchangamfu, kila asubuhi anakaa benchi lile la mbele na simu yake. Jumanne akaniangalia sana.

"Mama, wewe una ndugu Hispania?"

"Nina mdogo wangu. Umejuaje?"

"Basi ni wewe." Akaweka kikombe chini. "Namfuatilia huyo. Ana blogu yake ya wanawake wa Kiswahili wanaoishi kule. Wanatiana moyo, wanafundishana namna ya kulala usingizi mzuri, kutuliza akili. Hata mimi nikichoshwa na bosi wangu huwa naisoma. Hicho Kikao cha Karanga chenu kimesaidia watu, mama, usione hivi. Na ile ya dada mkubwa, nililia kabisa. Pole sana."

"Pole ya nini?"

Nafikiri hapo ndipo alipogundua kwamba sijui. Akataka kuirudisha simu mkobani. Nikamwambia, "Nipe nisome. Kusoma najua."

Nilisoma nimesimama mpaka chapati ikaungua.

Kumbe kila Jumapili mdogo wangu hakuwa peke yake. Wanawake kama arobaini, kila mmoja chumbani kwake katika miji ya Hispania, walikuwa wanaunganishwa kwenye simu ile, wanazima sauti zao, wanasikiliza nyumba ya mama yangu. Imeandikwa vizuri, siwezi kusema uongo. Ameandika sauti ya maganda ya karanga yakipasuka mpaka nikaisikia. Ameandika mbuzi wa shangazi. Ameandika mguu wa mama unaovimba, na jinsi anavyolalamika usiku akitaka kwenda chooni. Amenitaja mimi ninavyogombana na mama kuhusu kibuyu cha chumvi. Hombolo ameitaja, na kibanda changu cha chapati karibu na chuo. Majina tu ndiyo hayamo.

Halafu ile ya dada mkubwa. Jumapili moja mwezi wa tano nilikwenda bombani kuchota maji. Simu nikaisahau kwenye ungo, chini ya kitenge. Hilo ni kosa langu na naliandika hapa kabla ya la mtu mwingine. Mama akaona nimeondoka, akamwambia shangazi jambo alilokaa nalo moyoni. Akamwambia kwamba mimi nilichaguliwa kwenda sekondari.

Naomba nieleze hili polepole. Baba alifariki mwaka niliofanya mtihani wa darasa la saba. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu, mgonjwa mgonjwa, hashiki chakula, na mvua ilikuwa imekatika kabla uwele haujatoa masuke. Nilipomaliza mtihani mama akanipeleka kwa mjomba, na mtoto nikiwa nimembeba mgongoni, kwa sababu kwa mjomba kulikuwa na maziwa. Tulirudi baada ya miezi. Mama akaniambia, "Hukuchaguliwa." Majina yalikuwa yamebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, ningeweza kwenda kuyaangalia. Sikwenda. Niliona aibu, nikapita njia ya nyuma ya shule mwaka mzima. Niliamini mimi ni mjinga, na nimeamini mpaka Jumanne iliyopita. Kila nilipoambiwa niwe katibu wa kikundi cha akina mama kanisani nilikataa. Hata daftari hili nimekuwa naliandika kwa kujificha, kama mtu anayevaa nguo ya mwenzake.

Kumbe mwalimu alikuja nyumbani na karatasi, na mama akamwambia mtoto ameshaolewa.

Wanawake arobaini walilijua hilo wiki nane kabla yangu. Chini ya maandishi wameandika maoni yao. Mmoja kasema mwambieni dada kwamba tunamkumbatia. Mwingine kasema dada anahitaji kuachilia na kusamehe ili apone. Mimi sikuwa najua kama naumwa. Nilikuwa nakanda ngano.

Jumatano mchana, wakati bibi wa kule analala, nilimpigia mdogo wangu nikiwa nyuma ya kibanda.

"Umewawekea mara ngapi?" nikamuuliza.

Akajua mara moja. "Dada, wanazima sauti. Hawaongei kitu."

"Ndicho kinachoniudhi. Mtu akiingia kwa mama yangu na asiongee, namwitaje?"

"Sikutaja jina lako."

"Umetaja choo cha mama."

Akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza kilio chake hakikunilainisha. "Kuna mmoja humu alikuwa hataki tena kuishi," akasema. "Ni wa Mombasa, anafanya usafi hotelini. Anasema Jumapili ya kwenu ndiyo inayomfikisha Jumapili nyingine. Ningemwambiaje atoke?"

Hilo naliamini. Najua alivyokuwa yeye mwenyewe. Lakini nikamuuliza, "La shule umelijua lini?"

"Siku ile ile."

"Na hukunipigia."

"Sikujua nianzie wapi, dada."

"Kwao ulijua pa kuanzia. Ukaweka na picha ya karanga."

"Nilitaka watu wakujue wewe ni nani. Niliandika kwa heshima. Mimi nimesoma kwa mgongo wako, unafikiri hilo halinisumbui?"

"Basi ungekuja kunisumbua mimi nalo, si wao."

Aliondoa yale maandishi jioni hiyo. Yule mwanamke wa Mtumba aliangalia asubuhi yake akanihakikishia hayapo, akaniomba radhi mara tatu, na kosa hana. Akasema pia kwamba watu huwa wanahifadhi, kwa hiyo kuondolewa si kuondolewa kabisa. Alisema kwa upole, lakini nilifunga kibanda mapema nikarudi nyumbani.

Kuna jambo ambalo mdogo wangu hakunikumbusha, na angenikumbusha ningekosa jibu. Mwaka ule wa vilio vyake niliwasikilizisha wanakwaya ujumbe wake mmoja, ili wamwombee. Watu kumi na wawili walisikia mdogo wangu analia kama mtoto. Alipojua aliumia sana, lakini hakunigombeza, alisema tu, "Basi dada, usirudie." Nimelifikiria hilo siku nne. Nilisema ni kwa ajili ya maombi, yeye anasema ni kwa ajili ya kutiana moyo. Sioni tofauti kubwa, ila kwamba mimi sikurudia, na yeye amerudia kila Jumapili. Labda najitetea. Hasira haijapungua kwa sababu hiyo, imeongezeka, maana sasa sehemu yake inanihusu mimi.

Leo ndiyo Jumapili ya kwanza tangu nijue. Shangazi hakuja, kifua kinambana kwa hili vumbi. Tulikaa wawili, mimi na mama, ungo katikati. Tulipofika nusu ya debe mama akatazama pale kitenge kinapokuwa.

"Mbona leo hatumsikii mwenzako?"

"Simu nimeifungia sandukuni."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika." Nilikuwa nimeshaamua tangu Jumatano kwamba nitasema. "Mama, siku ile niliyokwenda bombani ukaongea na shangazi habari za shule yangu, simu sikwenda nayo. Ilikuwa hapo."

Karanga ilikuwa kati ya vidole vyake. Hakuipasua. "Alisikia?"

"Alisikia. Na wanawake wengine arobaini walikuwa wanasikia pamoja naye."

"Wanawake wa wapi?"

"Wa huko huko aliko. Kila Jumapili wamekuwa wanatusikiliza."

"Wameingia humu bila hata hodi?"

"Bila hodi."

Mama akavuta upande wa kanga yake taratibu akaufunika ule mguu uliovimba, kama vile bado wapo wamekaa wanautazama. Nilipoona vile nilitaka kulia kwa hasira, na sikujua hasira hiyo ni ya kumtetea au ni yangu juu yake. Zilikuwa zote mbili, kwenye kifua kimoja.

"Kwa hiyo umeshajua," akasema.

"Nimejua. Kwenye simu ya mtu, nakaanga chapati."

"Nilitaka nikuambie mwenyewe."

"Miaka thelathini na miwili, mama."

Hakujitetea. Ningependa angejitetea, ningepata pa kumshika. Mtoto mgonjwa, mume kafa, shamba kavu, hayo yote nayajua, nilikuwapo. Nilimbeba huyo mtoto. Nikasema, "Ungeniambia kwamba nimechaguliwa na huwezi kunipeleka. Ningekaa. Ningembeba vilevile. Lakini uliniambia mimi sijui kitu."

"Ndiyo," mama akasema.

Tukabangua. Upepo ukapeperusha maganda mpaka mlangoni, nikayaacha.

Mama akasema bila kunitazama, "Ulikuwa wa tatu."

"Wa tatu nini?"

"Mwalimu alisema wa tatu, shule nzima. Wavulana na wasichana pamoja. Mbele yako kulikuwa na mtoto wa mhunzi na mtoto wa mwalimu mwenyewe." Akapasua karanga. "Hata shangazi yako sikumwambia hilo. Niliona aibu kulitamka."

Hilo halikuwa kwenye blogu. Nimelisikia mimi kwanza, na simu iko sandukuni.

Sikumwambia kwamba nimemsamehe, kwa sababu sijamsamehe, na sitaki kuandika hapa jambo ambalo halipo. Ila nilinyoosha mkono nikachukua fungu la karanga upande wake nikalileta kwangu, maana vidole vyake huwa vinakufa ganzi kwa baridi.

Simu ikaanza kulia humo sandukuni. Ililia ikakatika, ikalia tena.

"Ni yeye," mama akasema.

"Acha ilie."

"Yeye hakuwa na kosa kipindi kile. Alikuwa mgongoni mwako."

"Kipindi kile hapana."

Mama akafikiria. "Mwambie basi akitaka kuja aje peke yake. Apige hodi, anisalimie, aniambie yuko na nani. Nikimwambia karibu, umweke hapo. Nisipomwambia, asikae."

"Na yule wa Mombasa, asiyetaka kuishi?"

Ilibidi nimweleze habari za yule mwanamke. Alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo naye aje apige hodi yake," akasema. "Shikamoo haijamshinda mtu."

Nitamwandikia mdogo wangu maneno hayo kesho, kama yalivyosemwa. Leo siwezi. Nikisikia sauti yake leo nitamwambia neno ambalo nitalijutia, na yeye anajua kuandika kuliko mimi. Au labda hajui kuliko mimi. Sijazoea kuliandika hili, nimelikata mara mbili na kulirudisha.

Jioni tumekula ugali wa uwele na mboga ya mlenda iliyoungwa kwa karanga. Karanga nilizitwanga mwenyewe, kwa nguvu kuliko zilivyohitaji. Mama alikula matonge matatu akanawa. Mimi nimekula sahani yangu, kisha nikamaliza na yake.