Kenga wa Farasi

Malindi ya miaka ya themanini, ukiuliza nyumba ya Kenga watu watakuuliza Kenga yupi, maana akina Kenga ni wengi. Ukisema Kenga wa Farasi, basi umefika. Utapelekwa mpaka Kisumu Ndogo, mlangoni pake, na kigoda utatolewa ukae umsubiri. Jina lilikuwa kubwa kuliko nyumba. Na mwenye jina alikuwa akilichukia, ila hakuwa na pa kulitupa.

Kwa sababu Kenga, na wacha niliseme mimi maana yeye lilimkwama kooni miaka nenda miaka rudi, alikuwa akiwaogopa farasi. Si woga ule wa mtu kuona mnyama mkubwa akarudi nyuma hatua moja, huo kila mtu anao. Huu wake ulikuwa woga wa kutoka jasho viganjani kila alfajiri kabla hajafungua lango la zizi, wa kumeza mate mara tatu ndipo anyooshe mkono kumgusa mnyama shingoni. Na kila asubuhi alifungua lango, na kila asubuhi alimgusa.

Hakuanza hivyo. Alipotoka kwao Magarini akaajiriwa na yule mama wa Kiitaliano, mji mzima ukimwita Sinyora, aliyekuwa na zizi nyuma ya mahoteli, alikuwa kijana mkavu wa macho. Alijifunza upesi kufunga tandiko, kushika hatamu, na kupanda akakaa wima. Kazi yenyewe ilikuwa kuwatembeza wageni wasiojua kitu. Watu wako likizoni, maisha yao hawajapanda hata punda, wanapandishwa juu ya farasi, wanapitishwa kwa msururu chini ya mivinje, wanashushwa ufuoni, wanakwenda mpaka karibu na mto Sabaki unapoingia baharini, kisha wanarudishwa. Kenga mbele juu ya farasi wake, wao nyuma. Siku hizo aliipenda kazi hiyo, na alipopita watu walisimama wakamtazama.

Kisha siku moja, upepo wa kaskazi ukivuma, alikuwa peke yake ufuoni akimnyoosha farasi viungo. Mfuko wa nailoni ukaruka kutoka kwenye majani ukampiga mnyama usoni. Farasi aliruka. Kenga akaanguka, na kuanguka si kitu, lakini mguu ulibaki umenaswa kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, na farasi akaondoka mbio naye. Aliburutwa mchangani kichwa kikigonga, kwato zikishuka pembeni ya sikio lake, mpaka kiatu kilipochomoka. Alilala pale akilia kama mtoto. Hakuna aliyemwona. Aliporudi zizini amemshika hatamu farasi, aliyemkuta mbele akila majani, alisema ameshuka mwenyewe kukaza mkanda wa tandiko.

Kwa nini hakusema kweli? We, kusema ilikuwa kufukuzwa. Sinyora alikuwa na neno moja alilokuwa akilirudia kila siku kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja: farasi nasikia harufu ya woga, mtu ya woga hapana fanya kazi hapa. Mtunzaji mmoja aliyekuwapo kabla ya Kenga aling'atwa bega, kesho yake akasita kidogo tu langoni, akaambiwa akachukue nguo zake. Na Kenga alikuwa ndiyo kwanza ameoa, mkewe Kadzo ana mimba. Akajikaza.

Lakini kupanda hakuweza tena. Alijaribu, miguu ilimgoma. Basi akatafuta njia. Siku iliyofuata wageni walipokuja aliwapandisha wote, akafunga kamba kwa farasi wa mbele, jike mmoja wa kahawia aitwaye Bruna, akamwongoza kwa miguu. Wengine wakamfuata Bruna. Sinyora alipomuuliza kulikoni, Kenga akajibu kwamba mgeni mwoga akiona mtu yuko chini karibu naye hutulia.

Hapo ndipo alipojifungia mwenyewe mlango. Maana ilikuwa kweli! Wageni walitulia. Vikongwe waliokuwa wakitetemeka walirudi wakicheka. Sinyora alifurahi mno, akaifanya ndiyo desturi ya zizi, akawa akiwasimulia watu hotelini kuhusu mtu wake anayetembea, mtu asiye na kiburi, anayewajua farasi mpaka hahitaji kukaa juu yao. Akamshonea shati la kaki lenye picha ya farasi kifuani. Wageni wa mwaka huu wakawaambia wa mwaka ujao. Ndipo jina likazaliwa, Kenga wa Farasi, na kila sifa aliyopewa ilikuwa msumari mwingine.

Nyumbani ndiyo kabisa. Baba mkwe wake, Mzee Ngala wa Magarini, mtu wa maneno machache, hakuna kikao alichokaa asimtaje mkwe wake. Kenga akisikia hayo anatazama chini. Watu husema ni adabu.

Miaka sita ikapita hivyo. Halafu siku moja Sinyora akamwita, macho mekundu, akamwambia mama yake kule kwao ni mgonjwa, anafunga zizi, farasi wanapelekwa kwa mnunuzi Nanyuki. Alimshika bega akampa pole. Kenga alilazimika kugeuka autazame ukuta, maana furaha ilikuwa imempanda usoni. Amefunguliwa! Na amefunguliwa bila kusema neno, bila kuvunja jina, bila kumwaibisha mtu. Siku hiyohiyo alikwenda Magarini kwa baba yake mdogo wakakubaliana kipande cha shamba alime mananasi. Nanasi halirushi mateke.

Safari ya mwisho aliyoongoza alikuwamo mama mmoja wa makamo, muuguzi huko kwao, aliyemng'ang'ania Bruna manyoya ya shingo tangu langoni. Walipofika ufuoni alisema hawezi, anataka kushuka. Kenga akamshusha. Wakatembea bega kwa bega, kamba mkononi, wale wengine nyuma. Yule mama alikijua Kiswahili kidogo. Akamtazama Kenga kiganja, jasho linavyotiririka kwenye kamba, akauliza, "Na wewe unaogopa?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Kenga aliihamishia kamba mkono wa pili, akafuta kiganja kwenye suruali. Kisha akasema, "Farasi huyu ni mpole, mama," na papo hapo akajuta. Mtu wa mbali, atakayepanda ndege kesho, na hata huyo alishindwa kumwambia.

Jumapili ikawa siku ya kuagana. Sinyora aliwaalika Kenga na Kadzo na binti yao Dorcas, na Thoya, kaka wa Kadzo, aliyekuwa askari wa lango katika hoteli ya jirani. Kulikuwa na soda na biskuti. Farasi wanne walikuwa wameshapakiwa kwenye lori. Kenga alihesabu akaona mmoja hayumo, akadhani lori litarudi.

Sinyora akatoka nyuma ya zizi akimvuta Bruna, utepe mwekundu shingoni. Akasema hawezi kumpeleka huyu Nanyuki. Akasema farasi huyu ana mtu wake. Akaiweka kamba mkononi mwa Kenga, akamkumbatia akilia.

Kadzo akapiga vigelegele, kwani mke afanye nini mbele ya watu? Thoya akamrukia mlamu wake akamnyanyua juu. Kenga alisema ahsante. Midomo ndiyo iliyosema. Yeye mwenyewe hakuwapo. Alitembea mpaka Kisumu Ndogo na Bruna nyuma yake, na watu wakitoka milangoni kumpongeza, naye akiona yale mananasi yote yakimpotea machoni.

Jioni, kabla ya kula, Bruna amefungwa kwenye mwarobaini wa uani, Kenga aliona akikaa kimya leo basi ndiyo mpaka kaburini. Akasema. Lakini alikosea mahali. Alisema Thoya akiwapo.

Mnajua mtu na mlamu wake walivyo. Kati yao hakuna neno linalopokelewa jinsi lilivyo. Akikwambia ana njaa unamwambia akale mawe, akikwambia anaumwa unamuuliza atakufa saa ngapi. Ndiyo desturi, na Kenga na Thoya walikuwa mabingwa wake.

"Mimi namwogopa huyu farasi," Kenga akasema. "Nawaogopa wote. Tangu zamani."

Thoya akamtazama, kisha akaangua kicheko. "Na mimi naogopa rungu langu, mlamu. Usiku nalilaza nje."

"Sisemi mzaha, Thoya. Niliburutwa. Nilikaribia kufa."

"Uliburutwa mpaka wapi? Lamu?"

"Haki ya Mungu naapa."

"Akiapa ndipo anaponimaliza!" Thoya alishika mbavu. Dorcas naye akacheka, majirani waliokuja kumtazama farasi wakacheka, na kadiri Kenga alivyokazana sauti ikimtetemeka, ndivyo walivyozidi kufurahi, wakasema leo Kenga yuko na raha zake. Thoya alipojifuta machozi akatoa habari yake: amekwisha sema na meneja wa hoteli yake. Wageni wataendelea kuja. Jumamosi wapo wanne, watapokezana. Na Mzee Ngala ametumiwa salamu, kesho asubuhi anakuja kumtilia farasi baraka.

Thoya alipoondoka, Kadzo alikaa karibu na mumewe, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Dorcas, mimi najua."

"Unajua nini?"

"Suruali zako nazifua mimi. Mtu anayepanda farasi suruali humtoboka matakoni. Zako huisha pindo, hata miezi isiyo na wageni wa kuwaongoza. Huu mwaka wa sita."

Nusura Kenga alie. Kumbe kulikuwa na mtu. "Basi tumrudishe. Tumuuze. Tuondoke."

"Tunaweza," Kadzo akasema. "Lakini mwambie Baba kabla hajampulizia maji. Akishampulizia huyu si wa kuuzwa tena, unajua."

Alijua. Katika nyumba ya Mzee Ngala, kitu kilichopuliziwa maji na kutamkiwa maneno hakiuzwi wala hakitolewi. Hukaa na wewe mpaka mmoja wenu afe.

"Mwambie wewe. Ni baba yako."

"Nikikusemea mimi nitakuwa nimekuvua nguo mbele yake. Lazima itoke kwako."

Asubuhi Mzee Ngala alifika akiwa amevaa kanzu safi, pamoja na watu wa Magarini aliowaongoza njiani. Ua ukajaa. Kenga alimwendea ameinama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Sasa na hapa nako. Kwa mlamu huwezi kusema la kweli likasikika. Kwa mkwe huwezi kusema lolote kabla hajakupa nafasi. Mkwe husimama naye kwa heshima, humkatizi, humpingi, macho yako yako miguuni pake. Na Mzee yule wa maneno machache siku hiyo alikuwa nayo mengi. Alisema alipoombwa binti yake na kijana asiye na mnazi hata mmoja watu walimcheka. Alisema leo wako wapi. Alisema mimi nimekaribia kwenda, na nitakwenda bila wasiwasi, kwa kuwa binti yangu amekaa kwa mwanamume ambaye hata mnyama mkubwa wa Wazungu humtii akiwa chini kwa miguu yake. Sauti ilimkwaruza kidogo mwishoni. Watu wakaguna kwa kukubali.

Kenga alimtazama Kadzo. Kadzo alikuwa amesimama na kata ya maji, hampi baba yake. Alikuwa anangoja. Mzee akanyoosha mkono. Kadzo bado akangoja kidogo, macho kwa mumewe, mpaka ikawa aibu kungoja, akampa.

Mzee akajaza kinywa maji, akamkabili Bruna.

"Baba," Kenga akasema.

Mzee akageuka, mashavu yamejaa, hawezi kusema, akiuliza kwa macho tu. Hakuwa na haraka. Hakuna siku Kenga aliwahi kupewa nafasi kama ile, mkwe amefungwa kinywa na maji yake mwenyewe, mlamu naye kwa mara ya kwanza amekosa la kuchekea. Neno lilikuwa tayari. Alilisikia limefika mpaka menoni. Akauona uso wa mzee, ule uzee wake na ile furaha, na jasho likamtoka viganjani jinsi lilivyomtoka kila alfajiri.

"Usimpulizie usoni, Baba," akasema. "Atashtuka. Mpulizie shingoni."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akawatazama watu wake kama anayewaambia mnaona, si niliwaambia. Akasogea kando hatua moja. Akampulizia Bruna maji shingoni, akatamka maneno yake, na watu wote wakaitikia.

Kadzo aliipokea kata kwa baba yake, akaingia nayo ndani.