Mshahara wa Silasi Chilewa

Silasi Chilewa aliletwa Tabora mwaka wa 1953 kwa ajili ya miguu yake. Nasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu sisi tuliofanya naye kazi tulijitia hatujui. Tajiri wetu alinunua asali na nta kutoka kwa warina wa msituni. Alikuwa na ghala karibu na stesheni, na pia timu ya mpira yenye jezi za njano. Alimwona Silasi akicheza Dodoma, akarudi naye kwenye treni ileile. Katika daftari la ghala akaandikwa msaidizi wa mizani. Mizani yenyewe ilikuwa ya Mfaume, mwenyeji wa Gongoni, ambaye alijua uzito wa kipande cha nta kwa kukishika tu, wala hakuhitaji msaidizi wa namna yoyote.

Mimi ni Anselm, na kazi yangu ilikuwa pipa. Masega yanachemshwa kwenye pipa, yanakamuliwa kwa gunia, nta inamiminwa kwenye makarai igande. Nta ya moto ikikurukia haidondoki, inang'ang'ania ngozi mpaka iive. Kwa mikono hiyo nilipata shilingi arobaini kwa mwezi. Silasi alipata mia na ishirini.

Habari hiyo tuliitafuna kila siku kama muwa. Mtu mzima analipwaje pesa za watu watatu kwa kukimbiza ngozi iliyojaa upepo? Mfaume peke yake hakuingia katika kwaya yetu.

"Jumapili watu wanapanga mstari kulipa kiingilio," aliniambia siku moja. "Wewe Anselm, umeona nani analipa senti moja kuja kukutazama ukikoroga pipa?"

"Pipa linaleta mali. Mpira unaleta nini?"

"Manju wenu wa ngoma anapoimba, si unatoa pesa mfukoni mwenyewe ukamtunza? Analeta nini?"

Nikarudi kwenye pipa langu, nimezidi kukasirika.

Silasi alikuwa Mgogo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujaonana. Babu zetu walipita Ugogo na misafara, pembe mabegani, wakatozwa hongo ili wapite na wanywe maji. Ugomvi ule ukaisha, ukaacha utani. Siku ya kwanza tu nilimpokea mbele ya ghala zima.

"Mgogo! Wazee wako walitutoza hongo kwa maji ya matope. Na wewe umekuja kututoza kwa kupiga mpira?"

"Lipa tu, Mnyamwezi," akajibu papo hapo. "Ukimaliza kulipa, sanduku langu liko stesheni. Kalibebe, ndiyo kazi mliyozaliwa nayo."

Ghala likavunjika kwa kicheko. Tangu siku hiyo hatukuachana. Alikuwa akija kwangu Isevya, anaingia bila hodi, anafunua chungu mwenyewe, anamwambia mke wangu Marcelina kwamba amepoteza ujana wake kwa mpagazi. Marcelina alimpenda mno. Na mimi, nisiseme uongo, nilimpenda pia, siku zote isipokuwa siku ya mshahara.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja baada ya mchezo, alikuja akichechemea. Marcelina alimkalisha kitini, akachemsha maji ya chumvi, akamkanda goti la kulia. Lilikuwa limevimba kama boga.

"Lilianza Dodoma," Silasi akasema. "Linateguka, linarudi. Nikilipumzisha mwezi mmoja litapona. Nitamwambia tajiri nina homa, nikose michezo miwili mitatu. Asijue habari ya goti."

"Akijua?" Marcelina akauliza.

"Atatafuta mwingine, shemeji. Na mimi nimebakiza ng'ombe sita wa mahari. Baba yake Yudia, mchumba wangu, amenipa mpaka mavuno, baada ya hapo binti anaolewa na mwenye ng'ombe."

Nikamtania kwamba mwenye mia na ishirini hapaswi kulia. Hakucheka.

"Mnyamwezi, wewe utakoroga pipa mpaka uote mvi. Mimi miguu ikinipendelea sana itanipa miaka mitano. Ule ni mshahara wa maisha yangu yote, napewa kwa haraka."

Leo nayaelewa maneno hayo. Siku ile nilisikia majivuno tu.

Wiki ile ile ikafika siku ya mshahara. Asubuhi nta ilikuwa imeniunguza mkono wa kushoto mpaka kiwikoni. Tulipopanga mstari, nikamwomba tajiri aniongezee shilingi tano. Akasema bei ya nta imeshuka. Akanihesabia arobaini zangu bila kuutazama mkono. Kisha akamwita Silasi, akatabasamu, akampa bahasha yake huku akimuuliza kama amekula.

Nikapaza sauti, sauti ya utani, ile ambayo kila mtu mle ghalani aliizoea.

"Tajiri, umepunjwa! Ng'ombe huyu wa Ugogo umemnunua bei ya watatu, na mguu mmoja mbovu! Muulize mke wangu, ndiye anayemkanda goti!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika kuta. Silasi akanitazama. Mtani haruhusiwi kukasirika. Akikasirika mbele za watu, yeye ndiye mkosaji. Hawezi kusema kwamba nimetoa siri, maana kwa watani hakuna shauri la namna hiyo. Anachoruhusiwa ni kucheka na kurudisha. Nililijua hilo, na ndiyo maana nilichagua njia hiyo. Ningekuwa na uso wa kwenda kwa tajiri faraghani nikasema yaleyale, ningeitwa mchongezi. Kwa utani nilionekana mchangamfu.

Silasi akacheka. "Kwa mguu mmoja bado nitampita babu yako na mzigo wake," akasema, na watu wakashangilia.

Lakini tajiri hakuwa mtani wa mtu yeyote. Akamwambia apandishe suruali. Akaliona goti, akalibonyeza kwa kidole gumba mbele yetu sote, na Silasi akasimama wima, jasho likimtoka puani. Kicheko kilikatika. Tajiri akasema kuanzia mwezi ujao ni shilingi hamsini, kwa kuwa mali yenye kasoro hailipwi bei ya nzima. Na Jumapili timu ya Kigoma inakuja. Asipocheza, Jumatatu asijisumbue.

Nilikuwa bado na nafasi. Ningeweza kusema, tajiri, nilikuwa natania, goti hilo lina jipu tu. Nilitazama makarai.

Jumapili nilikwenda uwanjani. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda miti. Silasi alifunga goti kwa kitambaa, akaingia. Kwa dakika chache alicheza vizuri ajabu. Alimpita beki wa Kigoma mara mbili, na nikaanza kujidanganya kwamba sikufanya kosa kubwa. Kisha akageuka ghafla kufuata pasi, mguu ukabaki nyuma, akaanguka.

Watu walidhani amechoka. Wakaanza kupiga kelele.

"Inuka, mia na ishirini! Mia na ishirini, inuka!"

Uwanja mzima ulijua mshahara wake. Ulijuaje? Nilikuwa nimeutangaza mwenyewe, kwenye pombe, kwa kinyozi, nje ya kanisa baada ya misa. Silasi alijiinua kwa mikono, akasimama kwa mguu mmoja, akajaribu kuuweka wa pili chini, akaanguka tena. Wale waliokuwa karibu nami walizomea. Nilitamani ardhi inimeze, wala haikunimeza. Nilisimama palepale na miguu yangu miwili mizima.

Mganga wa hospitali alisema atatembea, ila mpira basi. Tajiri alifuta jina lake daftarini. Mwisho wa mwezi tulipanga mstari kama kawaida, na nikapewa arobaini. Mfaume naye alipokea kiasi chake kilekile, na wabeba magunia chao. Pesa alizonyang'anywa Silasi hazikuongeza hata senti moja katika mkono wa mtu yeyote wa pale ghalani. Nilikuwa nimepigania nini, basi? Hata njaa sikuwa nayo. Sikutaka kupata zaidi, nilitaka yeye apate kidogo. Nimekuwa na miaka mingi ya kulitafutia jambo hilo jina lenye heshima, na sijalipata.

Marcelina hakunipigia kelele. Alisema mara moja tu, akichambua mchele.

"Goti lile nililikanda kwa mikono yangu nyumbani kwangu. Wewe ukaenda kulianika hadharani."

Siku Silasi aliposafiri, nilimfuata stesheni na jogoo na debe dogo la asali. Nilimkuta kwenye benchi, gongo kwapani, kofia kichwani. Watu wa ghala walikuwa wamekuja kumuaga, Mfaume miongoni mwao. Njiani nilikuwa nimepanga kuomba radhi. Nilipomwona, ulimi ukakimbilia ulikozoea.

"Mgogo! Unarudi kwenu kula vumbi? Chukua jogoo, msije mkafa njaa mkatusingizia sisi!"

Nilingoja anirudishie. Ningefurahi aniite mpagazi, mtumwa, mwizi wa kuku. Silasi akavua kofia, akasimama kwa taabu akiegemea gongo.

"Asante sana, Bwana Anselm. Umejisumbua. Mwambie shemeji nimeshukuru mikono yake."

Watani hawaitani bwana. Nilisimama na jogoo wangu, nikifikiri tusi linakuja nyuma ya maneno hayo. Halikuja. Akapokea debe kwa mikono miwili, kama unavyopokea kwa mkwe.

"Nitukane," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Silasi, nakuomba. Nitukane hata neno moja."

"Siwezi, bwana," akasema. "Wewe ni mtu mzima, nakuheshimu."

Wakamsaidia kupanda behewa. Treni ikaondoka kuelekea Igalula, naye hakuchungulia dirishani. Mfaume, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na hakusikia tulichosema, akaniuliza kama Silasi ameondoka na kinyongo nami.

Nikamwambia hapana, ameniaga vizuri sana.